Tuliomba mashine za bitcoin zizimwe kijijini, sasa mto umejaa na stima hakuna

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Mvua imenyesha tangu tutoke kanisani na bado haijaamua kuacha. Mto nausikia kutoka hapa nilipokaa, unanguruma kama lori lililokwama kwa matope.

Mto umejaa na sisi tuko gizani. Story yangu yote ni hiyo, lakini wacha niieleze pole pole.

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani, na nyinyi wa Tanzania ambao Kiswahili chenu huwa nakisoma nikijionea huruma. Mimi ni mkulima wa kahawa na majani chai kidogo huku juu ya Runyenjes, Embu. Shule niliachia form two.

Nikikosea lugha mnivumilie. Kwa ukweli nitajaribu nisiwakosee. Nilichoona kwa macho nitasema niliona. Nilichoambiwa nitasema niliambiwa. Na pale sijui nitasema sijui, na mtaona ni mahali pengi.

Tena nina tabia ya kuandika siku yangu kila jioni, mvua ilikuwa namna gani na tulikula nini. Kwa hivyo msishangae nikianza na mvua.

Nianze na mama.

Mama yangu huku kila mtu anamwita Cucu, yaani nyanya, hata watu wasio wa ukoo wetu. Amepika kwa kuni maisha yake yote, ndani ya jikoni ya mabati isiyo na dirisha. Kifua kikaanza kumsumbua, nikampeleka hospitali Embu. Daktari akaangalia picha ya kifua akaniuliza kama huyu mama huvuta sigara.

Nilicheka, hata kama haikuwa mahali pa kucheka. Mama yangu hata soda huiona kama mwanzo wa ulevi.

Daktari akasema, "Basi ni moshi wa jikoni. Huyu asisikie moshi tena. Si kidogo, si siku moja moja. Tena kabisa."

Tukanunua jiko la stima, lile la kufunga kifuniko. Unaweka mahindi na maharagwe, unaenda shamba, ukirudi githeri imeiva na nyumba hainuki moshi. Mama aliliogopa wiki ya kwanza. Baadaye akawa analipangusa kila asubuhi kama mtoto wa kuenda shule.

Kikohozi kikapungua. Hii niliona kwa macho na nikasikia kwa masikio.

Sasa muelewe stima yenyewe. Yetu si ile ya taifa, hiyo nguzo zake ziliishia soko. Wazee wetu walichimba mfereji kutoka mtoni, kila boma ikachimba kipande chake. Maji yanaingia kwa bomba kubwa, yanashuka mteremko kwa nguvu, yanazungusha turbine, na kutoka hapo waya zinakuja kwa nyumba zetu. Mimi nililelewa na hiyo stima. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa yetu.

Ndani ya ile nyumba ya turbine kulikuwa na drum kubwa ya maji. Ndani ya drum kulikuwa na vyuma vya kuchemsha. Watu wakiwa shamba na taa zimezimwa, ile stima haina mtu wa kuitumia ilikuwa inaenda kwa hiyo drum, inachemsha maji.

Kina mama walikuwa wanakuja na mitungi kuchota maji moto. Ya kuogesha watoto, ya kunyonyoa kuku, ya kuosha makopo ya maziwa. Ukiuliza mtu yeyote huku ile drum ni ya nini, angekujibu ni ya maji moto. Hata mimi.

Tafadhali mukumbuke hiyo drum.

Ndipo akaja Mutwiri.

Mutwiri ni kijana wa Meru, alisomea mambo ya umeme. Alikuja na mashine zake kwa lori, akaomba kamati ya mradi imkodishie nafasi kando ya nyumba ya turbine. Akasema anataka kufanya mining ya bitcoin.

Wazee walisikia mining wakafikiri anataka kuchimba kokoto kwa mto. Ikabidi aeleze. Akasema ni kompyuta tu, zinapiga hesabu mchana na usiku, na zikipata jibu zinalipwa pesa ya mtandao. Hazigusi udongo. Chakula chao ni stima.

Mama alikuwa kwa huo mkutano. Akauliza, "Sasa wanachimba nini na sijaona jembe?"

Mutwiri akamwambia, "Cucu, jembe letu ni hesabu."

"Basi uvune mapema, kijana wangu. Hesabu haiwekwi mbolea."

Watu wakacheka, na Mutwiri akacheka kuliko wote. Nafikiri hapo ndipo tulimpenda.

Makubaliano yalikuwa mashine ziwe zinakula mabaki ya stima. Sisi tukitaka stima, kuna sanduku linapunguza mashine lenyewe. Sisi tukilala, mashine zinakula. Kwa malipo yake mfereji ukatengenezwa na bei yetu ikashuka. Hiyo lazima niseme, kwa sababu siku hizi watu wanasema hakuleta kitu.

Na kwa vile mashine ndizo zingekula kile drum ilikuwa inakula, drum ikaonekana haina kazi. Pasta akaiomba. Tukaipakia kwa mkokoteni, tukaisukuma mpaka kanisani tukiimba. Ikawekwa chini ya mfereji wa paa, ikawa tangi la mvua.

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa nimetoka kuangalia moto. Tunapika nje leo, kwa banda la ng'ombe, na kuni zimelowa. Mtajua kwa nini.

Kuna kitu kingine cha Mutwiri sipendi kusahau. Zile mashine zilikuwa na feni za kutoa joto, na lile joto lilikuwa linatoka kwa tundu la ukuta kama upepo wa jua kali. Mwezi wa saba huku kwetu kuna baridi ya ukungu, nguo hazikauki, mahindi yanaota kuvu kwa gunia. Kina mama wakagundua ukitandaza maharagwe pale kwa tundu yanakauka vizuri.

Na mama yangu akagundua kifua chake kinapenda ule upepo.

Alikuwa anaenda na kiti chake na chupa ya chai, anakaa pale na wazee wengine kama wamekuja kliniki. Mutwiri akatoka nje siku moja akawaambia, "Nyinyi mnaota moto wangu bure, mtaniombea lini?"

Mama akamjibu, "Tumekuombea mke. Mungu amesema anatafuta mwenye hajui umaskini wako."

Kwa hivyo mkisoma mahali pengine kwamba hizo mashine ni za shetani, mimi siwezi kusema hivyo. Zilimpasha mama yangu joto.

Sasa ikaja shida.

Mvua ya Machi ilinyesha kidogo ikaenda zake. Kufika Agosti mto ulikuwa unaonyesha mawe ambayo mimi sikuwa nimeyaona tangu nioe. Stima ikaanza kulegea. Taa inawaka nyekundu kama kaa linalokufa. Njagi, fundi wetu wa kuchomelea milango, akafunga kazi. Na jiko letu la stima likawa linaanza, linalia kidogo, linazima. Githeri inabaki nusu, kesho yake imechacha.

Bibi yangu, Mama Wawira, alijaribu njia zote. Alipika alfajiri, alipika saa watu wako shamba. Siku zingine ilikubali. Siku zingine hapana, na watoto wanataka kula, na yeye anawasha kuni.

Kikohozi cha mama hakina kelele. Ni kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko, chumba cha pili, na hataki umsikie.

Mama Wawira akaniambia, "Kompyuta za Mutwiri zinashiba na mama yako analala na kifua kimefungana. Wewe ni mwanaume wa kukaa tu?"

Nikaenda kwa Mutwiri. Hakunificha kitu, alifungua mlango. Akaniambia, "Mzee, angalia mwenyewe. Nyingi nimezima. Shida ni mto, si mimi."

Niliangalia. Kulikuwa na taa ndogo nyingi, zingine za kijani, zingine hazikuwaka. Lakini mimi sijui mashine inayolala inafanana namna gani na mashine inayofanya kazi. Kulikuwa na watu wanasema alibadilisha lile sanduku ili mashine zake zipate kwanza na sisi ndio tule mabaki. Mimi sikuona akilibadilisha. Pia sikuwa nalilinda.

Nikashuka mpaka mtoni. Maji yalikuwa machache kweli.

Kwa hivyo alikuwa mkweli kuhusu mto. Kuhusu mashine, mpaka leo sijui. Inawezekana yote mawili ni kweli, mto ulipungua na yeye akaongeza. Inawezekana tulimwonea.

Tukaitisha mkutano pale kwa kiwanda cha kahawa. Njagi ndiye aliongea zaidi, na ni haki yake, kazi yake ilikuwa imekufa. Akasema, "Nimesikia kwa redio hata nchi zenye stima ya kumwaga zimepiga marufuku hizi mashine. Sisi na katurbine ketu tunazifuga kama ng'ombe wa gredi, zinakula na hatuoni maziwa."

Mzee mmoja akauliza tungoje mvua kwanza. Njagi akamwambia, "Ngoja wewe, una kuni."

Tukakubaliana kamati iandikie serikali, izuie. Watu wakaambiwa wainue mikono. Mama Wawira aliniangalia. Nikainua.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama. Nilifikiri atafurahi, kwa sababu ni yeye nilikuwa nafikiria. Badala yake akasema, "Mnamfukuza mtu wa joto na baridi hamjaifukuza."

Nikaenda kukama ng'ombe.

Basi tukangoja jibu. Nyinyi mnajua kungoja serikali. Septemba ikaisha. Mwezi wa kumi ulipoanza mvua ikafika, tena mvua ya nguvu. Mto ukapanda, mawe yakafunikwa, stima ikarudi kama zamani. Taa nyeupe. Jiko likapika. Njagi akaanza tena kuchomelea, na hata akamtengenezea Mutwiri mlango mpya, nikawaona wakicheka pamoja.

Nikafikiri labda ile barua imepotea. Kusema kweli nilitumaini imepotea.

Haikuwa imepotea. Tulilia wakati wa kiangazi, tukajibiwa wakati wa mvua.

Afisa alikuja kutoka Embu, mama wa makamo, amevaa gumboots, mtu wa adabu. Alisalimia wazee kwanza. Akasema amri imetolewa, stima haitoshi watu, kwa hivyo miradi ya stima ya jamii haikubaliwi tena kulisha mashine za kuchimba sarafu za mtandao. Ya kwetu ilikuwa kati ya ile imelalamikiwa, kwa hivyo ndiyo ameanza nayo.

Tulisimama nje ya nyumba ya turbine kwa matope, tukaangaliana. Hakuna mtu alitaka kuwa wa kwanza kusema tumebadilisha mawazo.

Nilimnong'onezea Njagi, "Si tumwambie sasa iko sawa?"

Akanijibu, "Tumwambie nini? Kwamba tulilia kama watoto, na sasa tumenyamaza kama watoto? Wacha ziende tu."

Mutwiri akamwomba yule afisa. Akasema, "Madam, siwezi kukataa amri. Nipe mpaka kesho. Nizime pole pole, nipange hii turbine vizuri kwanza."

Nyuma mtu akasema, "Anataka kuchimba ya mwisho." Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu ilisikika hivyo hivyo.

Afisa akasema, "Kijana wangu, amri inasema leo. Nikiandika kesho nitaulizwa nilikula nini huku."

Simlaumu. Na mimi ningekuwa na gumboots za serikali ningesema hivyo.

Mutwiri akaangalia wazee wa kamati. Akaangalia na mimi. Hakuna mtu alisema mpe mpaka kesho. Akasema, "Haya. Ni yenu." Akaingia ndani akavuta switch kubwa.

Kuna watu wanasema alivuta kwa hasira, akijua. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Lakini mkono wa hasira na mkono wa woga hutetemeka sawa.

Feni zikanyamaza. Kwa muda kidogo tukasikia mvua tu.

Halafu turbine ikaanza kulia.

Sijui niwaeleze namna gani. Ilianza chini kama nyuki, ikapanda, ikapanda, mpaka meno yakauma. Nyumba ikaanza kutetemeka. Nyaga, yule mfanyakazi wetu wa kuangalia turbine, akakimbia kufunga maji. Nikakimbia naye. Tukashikana na lile gurudumu la kufungia, limejaa mchanga wa mvua, linazunguka kwa shida. Mutwiri naye akaja akalishika. Sisi watatu tulikuwa tunavuta kitu kimoja. Hilo pia watu husahau kulisema.

Tulipofaulu kufunga, moshi ulikuwa tayari unatoka kwa generator, ile inazungushwa na turbine kutoa stima. Moshi mweusi, una harufu ya rangi.

Yaliyotokea nyumbani niliambiwa. Mama Wawira alikuwa ameweka githeri kwa jiko. Mama alikuwa kitandani kwake na mlango wazi. Anasema taa ilianza kung'aa. "Mwangaza ulikuwa mzuri sana," mama aliniambia, "niliona mpaka nyuzi za blanketi." Halafu taa ikapasuka. Redio ikapasuka. Jiko likatoa cheche, likanuka, likafa na githeri ndani.

Boma zote ikawa hivyo. TV za watu, friji ya duka, mashine ya Njagi. Nilipanda kilima nikisikia kina mama wanaitana kutoka mlango hadi mlango, kwenu pia, kwenu pia.

Fundi alikuja kutoka Embu. Akasema waya za ndani ya generator zimeungua zote, na chuma kinachoshikilia mhimili kimeharibika. Ni kununua nyingine. Kamati haina pesa ya kununua nyingine, na aliyekuwa analipa tumemfukuza.

Mutwiri alipokuwa anapakia mashine kwa lori, alipita kwetu kumuaga mama. Nilitaka kujificha shambani, nikaona ni aibu ya pili. Nikakaa.

Mama alimpa ndizi za kupeleka. Akamwambia, "Kijana wangu, ni nini ililia kule? Nilisikia kutoka hapa."

Mutwiri akamweleza kama vile mtu anaeleza mtoto, bila ukali. "Cucu, turbine ni kama punda anateremka na mkokoteni. Mzigo ndio unamshikilia. Ukiukata ghafla, anakimbia mpaka avunjike mguu. Zamani mzigo wa mabaki ulikuwa ni ile drum yenu. Halafu zikawa mashine zangu. Siku ile hakukuwa na drum wala mashine."

Nikauliza, "Mbona hukutuambia?"

Akaniangalia. "Niliwaambia siku tulitoa drum. Nilisema siku nikienda irudishwe kwanza. Na hata siku ile ya afisa niliomba siku moja."

Wakuu, mimi nilikuwepo siku tulitoa drum. Sikumbuki akisema hivyo. Nimejaribu kukumbuka. Nakumbuka tu tulikuwa tunaimba na pasta alikuwa anashika kamba. Labda alisema na sisi tukiwa katikati ya wimbo. Labda hakusema. Na hata siku ile ya mwisho, kama angetaja tu hiyo drum badala ya kuomba kesho, pengine mtu angesikia. Pengine hapana.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuiona kanisani. Iko pale pale, imejaa maji ya mvua, majani ya grevillea yanaelea. Nikaingiza mkono. Vile vyuma bado viko ndani, vimeshika kutu. Mama mmoja wa kikundi cha chai akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia hapana, naangalia tu.

Jamani, hiki kitu tulikifanya wenyewe. Tuliipa drum jina la kazi yake ndogo, tukasahau kubwa.

Sasa nimalizie mambo ya mama.

Bila jiko, ilikuwa kuni. Na kuni za mvua mnazijua, moshi ni mwingi kuliko moto. Siku chache tu kikohozi kilirudi chote. Nikampigia dada yangu Wanja, yuko Timau, anafanya kazi kwa shamba la maua. Nyumba yake ni ya chumba kimoja lakini ina stima ya taifa na anapika kwa jiko la coil. Tukakubaliana mama aende huko.

Timau hakuna moshi. Lakini wale mmefika mnajua ile baridi. Upepo unatoka mlimani unapita kwa mashamba ya ngano bila kitu cha kuuzuia, unaingia kwa mifupa. Wanja anatoka kazini jioni. Mama alikuwa anashinda ndani na blanketi, majirani wanaongea Kimeru chao cha haraka, mlango umefungwa.

Kwa simu alikuwa ananiuliza vitu vidogo. Ng'ombe amezaa? Nani anapalilia migomba? Siku moja akaniuliza, "Ile tundu ya joto ya Mutwiri bado iko?"

Nikamwambia ukuta uko. Joto hakuna.

Wiki iliyopita akaniambia anarudi. Nikamwambia, "Mama, daktari alisema."

Akasema, "Daktari alisema moshi. Hakusema baridi, kwa sababu hakujua utanileta huku. Huku ninakufa kwa baridi, na huko nitakufa kwa moshi. Wacha nichague ile ya nyumbani."

Wanja alilia kwa simu, akasema nisikubali. Mama Wawira alisema yeye ndiye atapika, kwa hivyo yeye ndiye atakuwa anamuua, na hataki. Nikamwambia mama hayo yote. Akanisikiliza, halafu akaniuliza nitamngoja stage gani ya matatu.

Jana nikamchukua Runyenjes. Amekonda.

Kwa hivyo leo tunapika nje, kwa banda la ng'ombe, ili moshi uende upande wa mto. Ng'ombe nimemfunga kwa mti wa avocado, ananyeshewa, ananiangalia kama mimi ndiye mwizi wa nyumba yake. Upepo ukigeuka moshi unarudi kwa mlango wa mama, na Mama Wawira anakimbia na gunia kuuziba. Ndiyo kazi yetu tangu mchana.

Kuna mkuu ataniuliza, basi serikali ilikosea? Sijui. Wakati tuliomba, stima kweli haikutosha. Wakati wa amri ilikuwa inatosha. Afisa hakuwa na njia ya kujua, na sisi tulikuwa nayo tukanyamaza. Mutwiri alikosea? Labda kiangazi, labda kwa kutosema wazi. Njagi? Alikuwa anatetea mkate wake. Mimi nilikuwa natetea kifua cha mama, na angalieni kiko wapi.

Kama kuna funzo, mimi naliona dogo. Kabla ya kutoa kitu mahali pake, uliza kinashikilia nini. Na ukiomba kitu kwa hasira, jiandae kukipokea hasira ikiwa imeisha.

Wenye ujuzi wa turbine ndogo, naomba mnielimishe. Hiyo drum ikirudishwa, na generator ikipatikana hata ya mitumba, vile vyuma vyenye kutu vinaweza kufanya kazi? Na kama kuna mtu ana mzazi wa kifua kama cha mama yangu na mko mahali bila stima, niambieni mnapika vipi. Hata mkisema nilikosea kumrudisha, semeni. Nitasoma nikipata mahali pa kuchaji simu.

Mama Wawira ameita.

Nimerudi, tumeshakula. Tulikula githeri, na avocado za ule mti wa ng'ombe. Kuni zilikataa kushika, mahindi yakabaki magumu, hata watoto walikuwa wanayatenga kando ya sahani. Mama ana meno machache. Alitafuna pole pole, akakohoa, akatafuna, mpaka akamaliza sahani yote.

Akamwambia Mama Wawira imeiva vizuri.